Mwenye gitara aliyependa mbio: je, alitupa pesa bure?



Nashika kalamu leo juu ya mabishano yaliyotokea mu dortuari yetu siku ya Posho jioni, baada ya sala na mbele ya kuzima taa. Mdogo mmoja wa kalasi ya pili alikuwa akitusimulia habari aliyoisikia ku radio. Alisema kwamba George Harrison, yule Mwingereza aliyepiga gitara mu kundi la Beatles, alipenda mbio za motokari tangu utoto wake mpaka kufa, na kwamba alitoa pesa yake mwenyewe kusaidia wenye kushindana.

Gran mmoja wa kalasi ya sita akacheka sana. Akasema: «Ule mutu alikuwa anatupa makuta mu maji! Mwenye gitara apige gitara, dereva aendeshe motokari. Kila mutu na yake.» Dortuari yote ikacheka. Mdogo akanyamaza, akajifunika blanketi. Msimamizi akagonga mlango, taa zikazimwa, mambo yakaishia hapo.

Lakini mimi sikulala upesi. Mu dortuari, mwenye sauti kubwa ndiye anashinda. Mu gazeti ni tofauti, kila mtu anasoma pole pole na anapima mwenyewe. Kwa hiyo nimetafuta, nimemwuliza mwalimu wa Kiingereza, nimesoma, na sasa nataka kumjibu gran wetu kwa heshima yote.

Kwanza, mtu mwenyewe alikuwa nani?

George Harrison alizaliwa Liverpool, Uingereza, tarehe 25 Februari 1943. Hakuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alifanya kazi ya basi mu mji ule. Walikuwa watoto wanne, yeye ndiye wa mwisho, na nyumba yao ilikuwa ndogo sana, choo kikiwa inje. Wengi wetu tunajua nyumba za namna ile, hatuhitaji kufasiriwa.

Pembeni ya Liverpool kuna mahali panaitwa Aintree. Watu walipajua juu ya mashindano ya farasi, lakini tangu mwaka 1954 palikuwa pia njia ya mbio za motokari. Mu mwezi wa saba mwaka 1955 ndipo walipokimbilia mbio kubwa za Uingereza. George alikuwa na miaka 12, akaenda kutazama. Motokari za Mercedes zilichukua nafasi zote nne za kwanza. Aliyeshinda alikuwa Stirling Moss, kijana wa Uingereza, na nyuma yake alikuja Juan Manuel Fangio wa Argentina, ambaye wengi walimhesabu kuwa bingwa kupita wote wa wakati ule. Tangu siku ile mtoto wa mtu wa basi akashikwa. Akawa anakusanya picha za motokari na za madereva, namna sisi tunavyobandika picha za wachezaji wa bale ndani ya jalada la daftari.

Ndugu, mwone jambo hili: kupenda kwake mbio kulitangulia utajiri wake. Wengine watasema alikuwa tajiri aliyetafuta mchezo wa kumaliza pesa. Hapana. Alipenda wakati hakuwa na kitu mfukoni.

Yaliyofuata mnayajua. Beatles walijulikana dunia yote, na mwaka 1970 kundi likavunjika. George akaendelea peke yake na nyimbo zake. Mwaka 1977 aliweka muziki pembeni, akatumia sehemu kubwa ya mwaka ule kufuata mbio za Formula 1 inchi kwa inchi. Akafanya urafiki na madereva, zaidi Jackie Stewart wa Scotland, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu: 1969, 1971 na 1973. Mwaka 1979 akatoa wimbo juu ya madereva hao, unaitwa «Faster», maana yake «Mbio zaidi».

Sasa tunafika kwenye pesa. Gran, sikiliza vizuri.

Kulikuwa dereva wa Sweden, jina lake Gunnar Nilsson. Mwaka 1977 alishinda mbio za Ubelgiji. Mwaka uliofuata, mu Oktoba 1978, akafa kwa ugonjwa wa kansere, kijana bado. Mbele ya kufa alianzisha mfuko wa kupigana na ugonjwa ule. Ndiko faida ya wimbo wa George ilikwenda, ku mfuko wa Nilsson. Mwenye gitara alifanya kazi ya gitara, na matunda yake yakaenda kwa wagonjwa, kwa njia ya mbio. Je, hayo ndiyo makuta ya kutupa mu maji?

Alimsaidia pia Steve Parrish, mwenye kushindana na pikipiki. Halafu kuna habari ya Damon Hill, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi.

Damon alikuwa mtoto wa Graham Hill, bingwa wa dunia wa mwaka 1962 na 1968. Mtu akisikia hivyo, anafikiri: «Yule hana shida, baba yake alimwachia kila kitu.» Lakini tarehe 29 Novemba 1975 Graham Hill alianguka na ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe, akafa pamoja na watu watano wa timu yake. Damon alikuwa na miaka 15. Bima ya ndege haikuwa sawa, na jamaa ikapoteza mali nyingi. Kijana akabaki na jina kubwa na mfuko mtupu. Alipata kuwa mpeleka barua na vifurushi na pikipiki mu njia za London, huku akitafuta namna ya kushindana. Alipokuwa hajafika bado mu Formula 1 na pesa ikamkosa, aliomba msaada kwa George Harrison. George akampa. Mwaka 1992 Damon akaingia Formula 1, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia. Ndiye mtoto wa kwanza wa bingwa kuwa bingwa naye.

Tena kuna kamba iliyofungwa nyuma ya habari hii. Mwaka 1966, ku mbio za Spa, Ubelgiji, mvua ilinyesha ghafula na Jackie Stewart akatoka njiani. Motokari ilimbana ndani, esanse ikamwagika juu ya mwili wake. Cheche moja tu, angewaka. Hakukuwa msaidizi wala munganga karibu. Waliomtoa ni madereva wenzake, na mmoja wao alikuwa Graham Hill, aliyesimamisha mashindano yake mwenyewe. Walikosa hata kle ya kufungulia usukani, wakaazima kwa mtazamaji. Walichukua karibu dakika 25.

Basi hesabuni pamoja nami. Graham Hill alimtoa Stewart. Stewart akaishi, akawa rafiki wa Harrison. Harrison akamsaidia mtoto wa Graham Hill, wakati Graham mwenyewe hayuko tena. Sisemi walipatana hivyo. Sisemi ni deni lililolipwa. Ninasema tu kwamba mema aliyoyafanya mtu mu mvua ya Spa hayakupotea.

Sasa nataka kujibu maneno matatu ninayoyajua yatakuja, kwa maana nimekwisha kuyasikia mu refektoari.

Neno la kwanza: «Mbio za motokari ni mchezo wa matajiri. Afazali angesaidia masikini.» Hapa nakubali upande mmoja. George alinunua motokari za bei kali sana, Aston Martin, na baadaye McLaren F1. Pesa ya motokari moja ya namna ile ingejenga shule. Sitamtetea juu ya hilo. Lakini si kweli kwamba alisahau masikini. Tarehe 1 Agosti 1971, pamoja na mwalimu wake wa muziki wa Kihindi Ravi Shankar, alifanya maonyesho mawili mu New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Pesa ya tikiti peke yake ilipita dola 240 000, ikaenda Unicef. Kwa hiyo mkono uliompa dereva ulikuwa umewapa wakimbizi. Mtu anaweza kuwa na mlango zaidi ya mmoja ku nyumba yake.

Wengine wanaongeza: «Na tena hakuwa wa dini yetu.» Ni kweli, alifuata mafundisho ya Wahindi. Lakini tumesoma hapa hapa habari ya Msamaria. Aliyeulizwa swali lile hakuulizwa dini ya msaidizi, aliulizwa nani alikuwa jirani.

Neno la pili ni zito zaidi: «Mbio zinaua. Kusaidia mshindani ni kumsukuma ku kaburi.» Neno hili siwezi kulicheka. Mu mwezi wa sita 1955, mwezi mmoja tu mbele ya George kwenda Aintree, motokari iliruka kati ya watazamaji kule Le Mans, Ufaransa, wakafa watu zaidi ya 80. Mu Septemba 1978 Ronnie Peterson wa Sweden alipata ajali mara tu mbio zilipoanza kule Monza, akafa kesho yake ku hospitali. Niki Lauda wa Austria aliungua uso na mapafu tarehe 1 Agosti 1976. Majuma sita nyuma akarudi kushindana na vidonda bado vibichi, akamaliza wa ine. George aliwajua watu hawa, alihuzunika juu yao.

Lakini mwangalie walifanya nini na kifo. Stewart, tangu kutoka Spa, alifunga kle ndani ya motokari yake, halafu akaanza kupigania ukanda wa kujifunga, kuta za kulinda kando ya njia, na waganga kuwa tayari kila mashindano. Wengi walimchukia, walimwita mwoga. Hakuacha. Nyuma ya kifo cha Peterson, motokari ya munganga ikaanza kufuata washindani mu mzunguko wa kwanza. Wenye kupenda mbio kweli ndio waliotafuta watu wasife.

Na sisi? Kaka yangu ni motari, nasema kwa kujua. Dereva wa Formula 1, bingwa wa dunia yote, hawezi kukaa ku usukani bila kaske na ukanda. Sisi tunapanda watatu juu ya moto moja, na bidon katikati, na mateke ya mvua njiani, kaske hata moja hakuna. Halafu tunasema mbio ndizo mbaya! Tuanze na zetu, wandugu. Mwaka huu wenzetu wawili wameingia kalasi na mkono umefungwa, na hawakuwa ku mashindano yoyote. Walikuwa wanakwenda soko.

Neno la tatu ndilo la gran mwenyewe: «Kila mutu na yake.» Ndilo neno nililotaka kufika, maana linatuhusu kuliko Harrison.

George Harrison hakutazamia kuwa bingwa wa motokari. Alijua gitara ndiyo kazi aliyopewa. Angeweza kusema: «Mimi nasaidia wapiga gitara tu.» Watu wote wangemwelewa. Lakini alipenda kitu ambacho hakingempa ushindi, wala sifa, wala faida. Akapenda uwezo ulio mu mkono wa mtu mwingine, akauona ni mzuri, akafurahi kwamba uko duniani. Mimi naona hilo ni jambo kubwa. Kusaidia anayefanana nawe ni karibu kujisaidia. Kusaidia anayefanya usilolifanya, hapo ndipo moyo unapimwa.

Sasa nitasema jambo linaloniuma, na nalisema kwa sababu mwenye kuandika maoni juu ya wengine ni lazima aanzie ku mlango wake.

Mwaka uliopita kulikuwa mwenzetu mmoja mu kalasi yetu, sitataja jina, mwenye kukimbia sana. Wengi mlimwona. Saa kumi na moja asubui, mbele ya kengele, alikuwa akizunguka uwanja na kandambili zimeshikwa mkononi, miguu mitupu. Alichaguliwa kwenda ku michezo ya masomo mu mji. Alikosa pesa ya njia na viatu. Haikuwa pesa nyingi. Akapita kwa wachezaji wa bale, wakasema: «Keshi ya bale ni ya bale.» Akaja kwetu wa korali.

Mimi ndimi kesye wa korali. Pesa ilikuwako. Tulikuwa tumetoka kuimba ku sikukuu, watu walikuwa wametutunza vizuri, na mwezi ule ule tulinunua vitambaa vya shingo vya rangi mupya. Aliponiuliza, nilimjibu hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka: «Ndugu, sisi tunaimba, hatukimbie.» Wenzangu wakacheka. Na mimi nilifurahi kwamba wamecheka.

Hakwenda. Mu mji walikimbia wengine. Tangu wakati ule sijamwona tena uwanjani asubui. Wakati wa kengele anatoka mu dortuari pamoja na sisi wote, akifuta macho. Hakuna mwalimu aliyemkataza, hakuna ugonjwa. Sisi ndio tulimwonyesha kwamba miguu yake ni shauri lake peke yake.

Siku ya Posho, gran aliposema «kila mutu na yake», nilisikia sauti yangu. Ndiyo maana sikulala. Mwenzetu yuko bado hapa masomoni na anasoma gazeti hili kama ninyi. Ninamwomba msamaha mbele ya wote, maana nilimkatalia mbele ya wote.

Lakini msamaha hauvalishi mtu viatu. Kwa hiyo naleta shauri moja. Tuko na keshi tatu mu masomo haya: ya korali, ya bale, na ya teatre. Kila keshi itenge sehemu moja juu ya kumi, ikae mu daftari yake, na sehemu hiyo isitumike kwa watu wa keshi ile. Ya korali isaidie mwenye kukimbia au mwenye kutengeneza mashini. Ya bale isaidie mwenye kuchora au kuimba. Ya teatre isaidie mwenye bale ambaye hana viatu. Mwalimu mmoja ashike daftari pamoja na mwanafunzi mmoja, na mwisho wa kila mwezi hesabu isomwe mbele ya bendera ili kusiwe manunguniko.

Wengine watauliza: «Na kama tukimsaidia mtu, halafu asishinde?» Ninajibu: hata hao hawakushinda wote. Steve Parrish hakuwa bingwa wa dunia ku pikipiki. Damon Hill, wakati anaomba, hakuna aliyejua kama siku moja atakuwa bingwa. George hakungoja kwanza aone kombe mkononi mwake. Kama tunangoja mtu ashinde ndipo tumsaidie, hatumsaidie yeye, tunasaidia kombe.

George Harrison alikufa tarehe 29 Novemba 2001, kwa kansere, ugonjwa ule ule alioupigania na wimbo wake. Ni tarehe ile ile aliyokufa Graham Hill, miaka 26 mbele. Aliacha nyimbo nyingi, na wenye kupenda muziki watazihesabu. Mimi, juu ya gazeti hili, nimehesabu upande mwingine: mtu aliyepewa gitara, asichoke kutazama wenye kukimbia.

Siku ya Tano, nyuma ya mazoezi ya korali, nitaleta shauri la sehemu ya kumi mbele ya wenzangu. Sijui kama watakubali, maana vitambaa vya shingo bado vinahitaji kulipiwa nusu. Wakikataa, nitaandika tena.

Na wewe gran wetu wa kalasi ya sita, usikasirike. Ulisema wazi jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kimya. Kama uko na jibu, liandike, Komite ya gazeti italipokea, na mimi nitakuwa wa kwanza kulisoma. Na wewe mdogo wa kalasi ya pili uliyejifunika blanketi, asante kwa habari yako. Siku ingine usinyamaze upesi.

Kesye wa korali, kalasi ya tano